Mstari wa Sita kwenye Lebo

Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, Maganda alikuwa amepanga chupa zake kumi na mbili kwenye meza ya dirishani, anazibandikia lebo moja moja. Maganda si jina alilopewa na wazazi wake. Waliomwita hivyo ni wenzake wa maabara, kwa sababu kila siku alipita kwa wauza matunda na gunia mkononi, akiokota maganda ya ndizi. Aliyaanika juu ya paa la chuo mpaka yakawa meusi, akayasaga, kisha akayachekecha kwa chekeche la bibi yake, ambalo bibi yake alikuwa bado analitafuta jikoni.

Kazi yake ilikuwa kusafisha maji kwa kitu ambacho chenyewe hakichafui. Kwenye karatasi za chuo kazi hiyo iliitwa kemia ya kijani. Bibi alipoelezwa aliuliza kijani chenyewe kiko wapi, mbona unga ni mweusi. Akaambiwa ni jina tu. Akasema haya, na watu wana majina yao.

Maji aliyachota kwenye bomba la mtaa wa bibi, lililovuta mtoni. Yalikuwa ya buluu, ile buluu ya sare mpya ya shule ikifuliwa mara ya kwanza. Kiwanda cha kutia vitambaa rangi kilikuwa juu ya mto, mtaa ulikuwa chini ya mto, na nyuma ya kiwanda kulikuwa na bomba nene linalomwaga mtoni tangu bibi ana meno yote. Watu wa mtaa waliyachuja maji, wakayachemsha, wakayanywa. Tumbo la bibi lilikuwa linamsokota mwaka wa tatu sasa, na ukimuuliza anasema ni uzee, lakini watoto wa jirani walisokotwa vilevile na hakuna aliyewaita wazee.

Maabara ilikuwa chumba kimoja. Kulikuwa na sinki lenye ufa, birika lililoandikwa SI LA CHAI ambalo ndilo walilochemshia chai, na friji kubwa nyeupe iliyotolewa na kiwanda kile kile cha vitambaa, yenye kibao cha shukrani mlangoni. Ndani ya friji Profesa aliweka chakula chake cha mchana. Profesa ndiye aliyekuwa msimamizi wao. Kwenye kona alikaa Mkongwe, mwanafunzi wa mwaka wa saba, mwenye kiti chake, msumari wake wa kutundikia koti, na kabati zima la chupa ambazo maji yake hayakuwahi kutakata.

Kila lebo ilikuwa na mistari saba. Tarehe. Saa. Mahali. Aliyechota. Rangi. Mali ya. Maelezo mengine. Mstari wa sita, ule wa Mali ya, ulikuwa haujazwi na mtu. Ulibaki kwenye fomu tangu enzi za mtu aliyekwisha kustaafu, na wanafunzi wote waliupiga kistari wakaendelea. Maganda naye alikuwa akiupiga kistari. Lakini Jumatatu ile aliusoma kwa mara ya kwanza, akashika kalamu akifikiri. Alilelewa na bibi ambaye chombo cha jirani hakikulala kwake. Bakuli likija na mchuzi, linaoshwa, linarudi kwa mwenyewe siku ile ile. Basi kwenye mstari wa sita Maganda akaandika, kwa mwandiko mzuri: Kiwanda cha Vitambaa, ofisi ya Meneja, ghorofa ya pili.

Akaandika hivyo kwenye chupa zote kumi na mbili. Akatia unga kijiko kimoja kimoja, akakoroga, akasubiri.

Saa nne kasoro kumi maji yakawa meupe pe, ungeweza kusomea gazeti ndani yake. Buluu yote ilikuwa imekaa chini ya chupa, tope zito kama ugali wa mtoto. Saa nne kamili tope la chupa ya kwanza likajivuta kwenye kioo mpaka usawa wa lebo, likaisoma kutoka ndani, pole pole, kama mtu aliyeacha shule mapema. Likamaliza. Likapanda hadi mdomoni mwa chupa, likateremka mezani, likaibandua lebo, likaibandika kifuani, likatoka. Mengine kumi na moja yakafuata. Kila moja lilikuwa na kimo cha paka aliyeketi.

Mkongwe aliinua miguu ili yapite.

"Wa mwisho afunge mlango," alisema. "Upepo unatupeperushia unga."

La mwisho likafunga mlango.

Sasa hapo ndipo Maganda alipopata shida. Maji yalikuwa yametakata, lakini shahada haitolewi kwa kutakata. Inatolewa kwa namba. Alitakiwa alipime lile tope kwenye mizani, aandike uzito wake, kila siku kwa muda wa wiki tatu. Hakuna uzito, hakuna tasnifu. Na chuo kilikuwa kimeshamwongezea muda mara mbili. Mwisho wa muhula huu, asipowasilisha, angerudisha koti jeupe na ufunguo, na unga wake ungebaki kuwa uchafu wa juu ya paa.

Profesa alikuja saa sita kufuata chakula chake.

"Tope lako liko wapi?"

"Limekwenda kwao, Profesa."

"Kwao wapi?"

Maganda akamwonyesha lebo ya akiba. Profesa akavaa miwani, akaisoma, akatazama friji, akaivua miwani.

"Mwanangu, hapa tunafanya kemia. Hatuandikii watu barua. Huo mstari upige kistari kama wenzako."

Jumanne akaupiga kistari. Unga ule ule, kijiko kile kile. Tope halikukaa chini. Lilizunguka ndani ya chupa mchana kutwa, juu chini, kama mgeni aliyeshushwa kituo asichokijua, na maji yakabaki buluu. Mkongwe alisogeza kiti akaja kutazama. Akaitazama chupa ya Jumanne, akaitazama lebo, kisha akageuka akalitazama kabati lake, lenye chupa mia nne, zote na kistari kwenye mstari wa sita.

"Miaka saba," alisema.

Akarudi kukaa. Maganda akamtilia chai, akamwekea sukari vijiko vitatu bila kumuuliza.

"Basi andika jina lako," alisema Profesa jioni. "Si wewe uliyechota? Tope litakuwa na kwao, na kwao ni hapa."

Jumatano akaandika jina lake. Maji yakatakata, matope yakasoma, yakateremka mezani, na hayakwenda mlangoni. Yalikaa kwenye sakafu yakimtazama. Alipokwenda chooni yalimngoja nje. Alipoyanyanyua kuyaweka kwenye mizani yalimshika kidole, mizani ikayumba, uzito haukusomeka. Jioni alipofunga maabara yakajipanga nyuma yake, wakaenda hivyo hadi mtaani, yeye mbele, kumi na mawili nyuma.

Bibi alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake akiwa na furaha, "leo umeniletea wageni?"

"Shikamoo bibi. Wamenifuata."

"Marahaba. Wamekufuata kwa nini? Una asali?"

"Nimeandika jina langu kwenye mstari wa mwenyewe."

Bibi akaweka ungo chini. "Yaani umechukua cha watu, ukakiandika chako."

"Profesa ndiye aliyesema."

"Profesa hakukubeba mgongoni. Na chekeche langu nalo, umeliandika jina la nani?"

Bibi akayatazama matope yaliyojipanga kizingitini, akayaletea beseni yaketi, yasichafue sakafu.

"Sasa wewe shida yako nini hasa?"

"Nataka kuyapima, bibi. Nikiandika ukweli yanaondoka kabla sijapima."

"Sasa si umfuate mwenyewe! Ukirudisha sufuria ya jirani, ukataka kujua inaingia vikombe vingapi, unaazima kikombe unapimia pale pale kwake. Msomi mzima unafundishwa hilo na mimi, niliyeishia darasa la tatu."

Alhamisi Maganda akaandika ukweli kwenye mistari yote saba. Matope yalipotoka saa nne, naye akatoka nyuma yake, mizani ameifunga taulo na kuipakata kama mtoto mchanga.

Getini kwa kiwanda kulikuwa na mlinzi mwembamba na daftari la wageni.

"Wewe una miadi?"

"Sina. Niko na hawa."

"Aa, hawa nawajua. Jumatatu walikuja. Wana karatasi zao, hawana maneno, wanafuta miguu. Afadhali wao kuliko wakaguzi." Akafungua daftari. "Ngoja niwaandike. Tope, tope, tope..."

Maganda akatazama mkeka wa mlangoni. Ulikuwa umekuwa wa buluu.

"Kaka, wakifuta miguu wanapungua."

"Sasa?"

"Nawapima. Hesabu yangu itaharibika."

Mlinzi akafikiri kidogo. Aliwahi kuuza nyama, mambo ya mizani aliyaelewa. Akauviringisha mkeka akauweka kibandani kwake, na haukutandikwa tena kwa wiki tatu zote.

Ofisi ya Meneja ilikuwa na zulia, kiyoyozi na viti vya wageni kumi na viwili, na kila kiti kilikuwa na tope. Meneja mwenyewe alikuwa mtu mzito, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Viti ndiyo hivyo vimejaa. Hawa ni wako?"

"Hapana mzee, ni wako. Wameandikwa."

Meneja akainama akaisoma lebo ya karibu, neno kwa neno.

"Kweli. Na ghorofa mmeipatia. Watu wengi wanaandika ya tatu." Akasogeza kalamu zake. "Pima tu, binti yangu. Meza si hiyo?"

Akapima. Siku ile na siku zilizofuata. Saa nne na robo matope yaliingia, saa nne na nusu Maganda alikuwa mezani kwa Meneja na kijidaftari chake, Meneja akisaini barua upande mmoja, tope likikaa kwenye mizani upande wa pili, limetulia tuli. Kwao lilikuwa halina wasiwasi. Namba zilitoka nzuri. Profesa alizitazama, akasema hajawahi kuona namba zilizonyooka hivyo.

Zilikuwa zimenyooka mno, na Maganda akaanza kuingiwa na shaka. Tope la chupa ya tano lilikuwa na kifungo cha shati, kidogo, cheupe, chenye matundu manne na moja limevunjika. Alikiona Alhamisi. Akakiona Ijumaa. Jumatatu ya pili akachota maji mapya bombani kwa mkono wake mwenyewe, akatia unga, na chini ya chupa ya tano kikatua kifungo kile kile chenye tundu lililovunjika.

"Mzee," alimuuliza Meneja siku ile, "hawa mchana wote wanakaa hapa?"

"Hadi saa kumi na moja. Ofisi ikifungwa tunawatoa."

"Mnawapeleka wapi?"

Meneja akanyanyuka, akamshika mkono kama mjukuu, akamteremsha ngazi za nyuma. Chini kulikuwa na mlango mdogo wa chuma, mpya, umepakwa rangi vizuri. Nyuma ya mlango lilikuwepo lile bomba nene la kumwaga mtoni.

"Tumewawekea na taa," alisema Meneja. "Wasijikwae."

"Sasa si ndio wanarudi mtaani!"

"Ndiyo. Na asubuhi unawaleta. Huoni mpango ulivyokaa sawa?"

"Mzee, lifunge hili bomba. Bibi yangu anakunywa haya maji. Tumbo linamuuma mwaka wa tatu."

Meneja alisikitika, na alisikitika kweli. Alimuuliza bibi ana umri gani, anatumia dawa gani.

"Nikilifunga, binti yangu, hawa watatokea wapi? Nao wamezoea. Sisi hatujakataa chetu. Kinachorudi tunakipokea, tunakipa kiti. Niambie wewe ni kampuni gani nyingine inafanya hivyo."

Maganda akazihesabu kampuni alizozijua, na ilikuwa kweli, hakuna nyingine.

Siku ya kuitetea tasnifu walikaa watahini watatu mezani, Profesa pembeni, Mkongwe nyuma. Maganda alieleza maganda, unga, namba. Alieleza kifungo. Mtahini aliyetoka chuo kingine, mama mwenye kilemba cha zambarau, alinyoosha kalamu.

"Mtu mwingine akifuata haya uliyoandika, atapata maji safi?"

"Atapata, mama. Akijaza mstari wa sita, na akijaza ukweli."

"Na asipojaza?"

"Yatabaki buluu."

Watahini wakatazamana, wakamwomba atoke nje kidogo. Alikaa kwenye benchi la korido dakika arobaini, akivuta uzi kwenye mkono wa koti. Walipomwita walikuwa wanatabasamu wote. Amefaulu. Kazi nzuri sana, ya mfano. Kuna sahihisho moja tu dogo, aliwekee saini leo: mstari wa sita uondolewe, kwa kuwa lebo ni jambo la karani, si jambo la kemia, na chuo hakina desturi ya kumtaja mtu.

"Lakini bila huo mstari haifanyi kazi," alisema Maganda.

"Tunajua," alisema mama wa kilemba, kwa upole. "Tumeona kwenye ukurasa wa arobaini. Umeeleza vizuri."

Profesa alikuwa anatazama sakafu. Kalamu ilikuwa mezani. Muhula ulikuwa unaisha siku ile saa kumi, na ofisi ya masjala ilikuwa inafungwa saa kumi kasoro robo.

Maganda akaweka saini.

Jioni bibi alikuwa amemwekea maji ya kuoga. Alimtazama mara moja tu.

"Umepata?"

"Nimepata, bibi. Mimi ni msomi kamili sasa."

"Hongera, mke mwenzangu. Mbona unaniangalia kama uliyevunja sahani?"

"Nimeufuta ule mstari. Kitabu kitawekwa maktaba, nao haumo."

Bibi akaigeukia ndoo yake ya maji ya kunywa. Alifunika ndoo, akafunua, akafunika tena. Kisha akasema, "Lete kalamu. Ile nene. Na huo unga uliobaki."

Akakaa na ndoo yake katikati ya miguu. Mkono ulikuwa umesahau baadhi ya herufi, akauliza K kubwa inaanzia juu au chini, akaambiwa juu. Aliandika ubavuni mwa ndoo jina la kiwanda na ghorofa. Neno Meneja aliliandika kwa N mbili, kisha akakata moja. Mistari mingine sita hakuihangaikia.

Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa meupe, na kwenye kizingiti lilikaa tope moja zito linasubiri kupambazuka vizuri.

Jirani alikuja kuomba chumvi, akaona, akaenda na kalamu. Kufika Jumamosi hakukuwa na ndoo wala pipa mtaani ambalo halikuandikwa. Mkongwe aliposikia, alifungua kabati lake Jumatatu, akakaa siku mbili akijaza mstari wa sita kwenye chupa mia nne, na Jumatano saa nne matope ya miaka saba yakateremka ngazi za chuo yote kwa pamoja. Mkongwe alisimama mlangoni akiyahesabu. Baadaye aliosha chupa zote, akarudisha ufunguo, akaenda kufundisha shule ya msingi, na inasemekana sasa hivi amenenepa.

Kiwandani mlinzi alipewa daftari la pili, kisha la tatu, kisha akapewa msaidizi. Viti havikutosha, Meneja akaagiza mabenchi. Mlango wa nyuma ulipanuliwa, na bomba likabadilishwa, likawekwa nene zaidi, kwa ajili ya msongamano wa saa kumi na moja. Kiwanda kilipata cheti cha kupokea taka zake chenyewe. Cheti hicho kimetundikwa ukutani, na chuo kililetewa friji ya pili.

Unga wa maganda unasagwa mtaani kila nyumba. Maji ya kunywa ni meupe asubuhi. Jioni mlango wa nyuma wa kiwanda ukifunguliwa ni ya buluu, na watu wanatia unga, wanasubiri. Wanaosahau, tumbo linawakumbusha.

Maganda amepata kazi katika maabara ya mji mwingine, ya kupima maji na kujaza fomu yenye mistari mitano. Kila mwisho wa mwezi anakuja. Chekeche alilirudisha, limeoshwa.

Bibi anaamka mapema kama kawaida yake. Tope lenye kifungo limezoea ndoo yake, halijawahi kwenda kwa mtu mwingine. Likishapanda na kutoka, huwa halina haraka tena kama zamani. Limechoka. Safari ni ndefu na kila siku ni ile ile. Bibi amelitengea kigoda cha mtoto karibu na mlango, linakaa kidogo, yeye anakunywa maji yake nusu kikombe, wanatazama wanafunzi wakipita kwenda shule na sare zao mpya.

"Umelalaje?" anauliza bibi.

Tope halijibu. Halina mdomo.

"Mimi nimelala salama. Tumbo kidogo tu."

Anaweka kikombe chini, analirekebishia lebo kifuani ili isomeke, kwa sababu msaidizi wa mlinzi ni mgeni na anasumbua.

"Haya, nenda kwenu," anasema. "Jioni tutaonana."